Hatua za Shangazi Kwenye Korido

"Shangazi, kwani umesahau kutembea?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu. Alikuwa amesimama mwanzo wa korido ya nyumba yetu, miguu pamoja, magoti yamelegea kidogo, na mkononi ameshika pasi kuukuu iliyokatwa waya. Alipiga hatua chache polepole, pasi ikaenda nyuma, ikarudi mbele, kisha akasimama kwa mguu mmoja kama mtu anayechungulia kisima. Akarudi alikoanzia, akaanza upya. Swali langu hakulijibu. Alinipa jicho tu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na kazi yake ni kupiga pasi katika hoteli kubwa: mashuka, vitambaa vya meza, mashati ya wageni. Kola aliyoipitia husimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Chini kabisa ya hoteli hiyo kuna ukumbi wa boling. Ni njia ndefu za mbao zinazong'aa, na mwisho wa kila njia zimesimama pini zinazofanana na chupa. Unaviringisha tufe zito lenye matundu ya vidole ili uziangushe. Kila njia ina mfereji kulia na kushoto. Tufe likitumbukia humo, wewe umepata sifuri na wenzako wamepata cha kucheka.

Jumatatu asubuhi wageni hawaruhusiwi ukumbini, kwa hiyo wafanyakazi hucheza. Shangazi alikwenda mara ya kwanza kuangalia tu, mchezo ukamwingia damuni. Mwaka huo hoteli ilikuwa inaunda timu ya kupambana na hoteli jirani, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Sijawahi kuona mtu mzima akitaka kitu namna ile. Hakuna mpiga pasi aliyewahi kuwemo kwenye timu yoyote pale, hata ya kuvuta kamba.

Tatizo lake lilikuwa mfereji wa kushoto. Tufe lake lilianza safari vizuri, likienda kama lina akili zake, halafu linapotea kushoto. Mkuu wa timu alikuwa bawabu mmoja mwenye sauti ya kipaza sauti, ambaye wote walimwita Kamanda. Alimwambia mbele ya watu:

"Mama Pasi, wewe lazima tukuchukue. Fulana zetu atazinyoosha nani?"

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka. "Nitazinyoosha nikiwa nimevaa moja, Kamanda."

Nyumbani hakucheka. Aliamini kosa liko mkononi. Akabana kiwiko, akakaza kifundo, akaacha tufe zito akachukua jepesi. Wapi. Aliyemfumbua macho ni fundi wa mitambo ya kupanga pini, aliyeitwa Spana.

"Dada, mkono unausingizia bure," alimwambia. "Tazama miguu. Unaanza katikati, unafika kwenye mstari wa kurushia ukiwa pembeni kushoto, na bega la kushoto limetangulia. Mkono utapita wapi sasa? Inabidi uzunguke nyuma ya kiuno."

"Nifanyeje?"

"Simama sawa. Tufe lishikie upande wa kulia, usilikumbatie kifuani. Likishuka usilisukume wala usilivute. Lidondoke lenyewe, lirudi lenyewe, kama bembea, likipita kando ya paja. Wewe kazi yako ni kwenda mbele tu."

Kwenda mbele tu. Ungedhani ni kazi ya mtoto anayejifunza kusimama. Basi ndiyo hiyo iliyomleta koridoni na ile pasi. Alibandika utepe sakafuni, akaufuata, na kila alipofika mwisho alikuwa amelalia ukuta wa kushoto.

"Dada, huo ukuta una sumaku?" Baba alimuuliza.

Bibi, mama yao, hakuuliza kitu. Alileta kiti chake, akakaa palepale upande wa kushoto, kikombe cha chai mkononi.

"Haya, pita. Ukinimwagia chai, tutaongea vizuri."

"Mama, nitakuumiza."

"Nilikuzaa, nimeshaumia. Pita."

Siku hiyo chai ilimwagika. Kesho yake pia. Bibi alibadilisha gauni, akarudi kukaa. Jioni baada ya jioni nilimtazama Shangazi akipita, mpaka nikaanza kuona kitu kikibadilika: bega lilifunguka, kichwa kikatulia, pasi ikawa inakwenda na kurudi imenyooka kabisa. Ilifika jioni Bibi akanywa chai yake yote hadi chini bila hata kuinua macho.

Siku ya kugombea nafasi, Baba alinipeleka. Mshindani wa Shangazi alikuwa mpishi wa mikate, kijana mwenye mikono minene kama nguzo. Walikwenda sambamba mpaka mtupo wa mwisho. Mpishi akarusha kwa nguvu, akaacha pini mbili zimesimama.

"Kushoto kunakuita, Mama Pasi," Kamanda akasema.

Shangazi hakugeuka. Aliweka miguu pamoja, akalegeza magoti, akaliacha tufe lidondoke. Mkono ulipita kando ya paja, ukarudi, na yeye akafika kwenye mstari akiwa palepale katikati. Tufe nalo likabaki katikati. Pini zikaanguka kwa kishindo, ikabaki moja, ikayumba, ikakataa kulala. Ilitosha.

Baba alimgeukia mtu aliyekaa karibu, ambaye hakuwa amemuuliza chochote. "Huyo ni dada yangu," akasema. Mimi nilimwambia wa upande wa pili.

Kamanda mwenyewe alileta fulana, imekunjamana vibaya. Shangazi aliivaa hivyohivyo.

Sasa niko kidato cha tatu, na Shangazi ndiye anayewafundisha wanaoanza mchezo, wengi wao wafua nguo na wasafisha vyumba. Mwezi uliopita nilimbebea mkoba kwenda ukumbini. Msafisha vyumba mmoja alikuwa akianza katikati na kuishia pembeni, kushoto, kila mara. Shangazi alimtazama kwa upole ambao nyumbani hatuupati. Nikakumbuka swali langu, nikamuuliza tena, safari hii kwa adabu.

"Nilikuwa nimesahau, ndiyo," alisema. "Wewe hujawahi kusukuma toroli la mashuka kwenye korido ya wageni. Mgeni akitokea, unabana ukutani, unatanguliza bega, unajifanya mwembamba, apite. Nimefanya hivyo miaka na miaka, mpaka mwili ukadhani huko ndiko mbele. Pale nyumbani, mwanangu, nilikuwa najifunza kupita katikati bila kumpisha mtu."