Babu wa Kwenye Pumba

Jumamosi iliyopita jirani yetu hapa Kihesa aliwasha jiko la pumba za mpunga uani. Ule moshi mzito, wenye harufu ya wali ulioungua, uliponifika puani nilikuwa tena Rujewa, nina miaka sita. Niwaambieni ukweli, sikurudi kwa furaha.

Mimi na mdogo wangu Baraka tulilelewa na Shangazi Tumaini, maana mama alifundisha shule ya mbali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma ya mashine lundo la pumba. Kwa juu lilikuwa la kijivu, halina hata mwali, ungedhani limepoa. Moto ulikuwa ndani kabisa, ukila kimyakimya wiki nzima.

Shangazi hakuwahi kushika fimbo. Ukikataa uji aligeukia lile lundo akaita kwa sauti ya upole mno, "Babu, uko macho?" Halafu akasubiri. Mahali fulani kwenye pumba moshi ulichomoza, mwembamba, ukasimama. Hapo uji uliisha haraka. Majirani walitusifu kwa adabu, na kweli tulikuwa nayo, ila vitandani tulikojoa wote wawili.

Asubuhi moja Shangazi alikwenda kupepeta mchele mashineni, akaniachia Baraka, aliyekuwa na miaka miwili. Alilia mpaka nikachoka. Nikageukia lundo, nikaita kwa sauti ileile ya upole, "Babu, uko macho?"

Moshi ukatoka. Baraka akanyamaza, nami nikajiona mtu mzima.

Lakini Baraka ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa kuamkia wakubwa, na hakuna mkubwa aliyempita bila shikamoo. Alishuka barazani, akaenda moja kwa moja kwenye lundo, akainamisha kichwa. "Kamoo, Babu." Kimya. Akasogea zaidi, labda mzee hakusikia. Pumba zikatitia taratibu, bila kelele, na mguu wake ukazama mpaka juu ya kifundo.

Shangazi alikuja mbio akamchomoa. Baraka anachechemea hadi leo, na hadi leo anashikilia kwamba Babu alimwitikia marahaba. Sikusema ni nani aliyeita. Shangazi alijilaumu peke yake miaka yote, nami nikamwacha ajilaumu.

Sasa Shangazi huyohuyo ndiye anayenilelea Neema, binti yangu wa miaka miwili, nikiwa kazini. Siku alipofika nilimkalisha jikoni nikamweleza.

"Shangazi, naomba mtoto asipigwe, wala asitishwe. Akigoma, mshike mkono, mwambie kwa nini."

Nilijua atanicheka, aseme nimeyaokota kwenye simu. Hakucheka.

"Mama Neema, mimi kutisha watoto niliacha tangu mguu ule," alisema, macho chini. "Hata kumtaja yule simtaji."

Niliona aibu, lakini bado sikusema.

Jumamosi hiyo, basi, nilikuwa nafua, na Neema akawa analielekea jiko la jirani. Nilimwita mara ya kwanza, mara ya pili. Alicheka, akaendelea. Ndipo nikasikia sauti ya upole mno ikiita, "Babu, uko macho?"

Nikamgeukia Shangazi kwa hasira. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, mdomo ameufumba. Sauti ilikuwa yangu.

Sufuria ikamdondoka. "Kumbe siku ile ni wewe," alisema, kisha akakimbia.

Alimkuta Neema hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, amepiga goti kama alivyofundishwa, ameinamisha kichwa. "Kamoo." Shangazi akamnyakua, akamkumbatia.

Muda wote nilidhani namlinda mwanangu na Shangazi, kumbe aliyestahili kuketishwa jikoni na kuelezwa ni mimi. Msamaha nilimwomba, nikalia sana, lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza tulisimama pale uani, wote watatu, hakuna aliyepumua, tukisikiliza kama mtoto ataitikiwa.