Gome Alilolipiga Baba

Juzi, katika hoteli moja ya Kasulu, niliona taa ya kifahari iliyozungushiwa kitambaa cha gome la mti. Nikamkumbuka baba, ambaye hatujamaliza kumlilia.

Mchana mmoja wa utoto wangu, kijijini kwetu Murungu, alilipiga gome kwa nyundo ya mbao, likinukia mvua. Bibi alisema zamani watu walivaa hilo. Nikaamini ni sare yangu ya shule, nikaanza kulia kwamba sitalivaa.

Jirani, Mama Neema, akacheka. "Baba Anita, mwanao unamvisha mti?"

Baba alilishonea kwenye fito, akaweka taa ya sola ndani, akafunga dirisha. Chumba kizima kikawa rangi ya asali.

"Yoo! Nami nitengenezee, shemeji," alisema Mama Neema.

Nilipiga vigelegele. Baba alikuwa ameshinda, na mimi nisingevaa gome shuleni.