Waya wa Nereida

Mimi ni mshonaji, na subira sina. Kila jioni saa kumi na mbili taa yangu ilikuwa inafifia, najidunga sindano, kisha nafungua dirisha na kupiga kelele.

"Nereida! Zima hilo jiko, utanitoa damu!"

"Maharage hayaivi kwa kelele zako, Migdalia! Subiri bakuli lako!" alinijibu kutoka upande wa pili wa ua.

Vyumba vinne vya ua wetu, hapa Santiago, vinapata umeme kwa waya mmoja mkongwe. Mume wa Nereida, Evelio, alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha sukari, mtu mpole kupita kiasi. Siku majirani wote tulipomjia juu mkewe kwa sababu ya jiko lake la umeme, alichukua chaki akaandika ukutani.

"Vyumba vimeunganishwa sambamba," alisema. "Kila kimoja kina njia yake, kwa hiyo jiko haliibii taa zenu. Mwizi ni huu waya tunaoutumia wote. Taa tuziache, zinakula kidogo. Ukinzani wa waya ni omu moja, wa jiko kumi. Jumla kumi na moja. Volti mia na kumi gawa kwa kumi na moja, mkondo ni ampea kumi. Ampea kumi zikipita kwenye ile omu moja, volti kumi zinapotea njiani. Zinatufikia mia tu. Mke wangu hana kosa."

Nereida akashika kiuno. "Sasa mzee, kama mwizi unamjua, si umbadilishe?"

"Wiki ijayo."

Wiki hiyo ilichukua miaka sita. Waya mnene ulikuwa adimu, ni kweli, lakini Evelio naye alikuwa bingwa wa kesho. Nereida aliendelea kusemwa kwa kosa lisilo lake, na aliyeongoza kumsema ni mimi. Mwezi Machi moyo wa Nereida ulisimama akiwa kwenye foleni ya mkate.

Siku ya tisa ya matanga, sala zilipokwisha, Evelio aliingia uani na bunda la waya mnene begani. Sijui aliutoa wapi. Aliuweka kwenye kiti cha mkewe na hakuufunga.

"Wa nini sasa?" aliniambia. "Jiko halipo kwenye hesabu. Taa zenu ziko sawa." Akalia.

Zilikuwa sawa kweli. Nilishona wiki nzima bila kujidunga, na iliniuma kuliko sindano.

Jumatatu, saa kumi na mbili, taa yangu ikafifia. Nilichungulia nikamwona Evelio amekaa mbele ya jiko lililowaka jekundu, bila sufuria, macho yake kwenye dirisha langu. Nilijua anasubiri nini. Nikafungua dirisha.

"Nereida! Zima hilo jiko, utanitoa damu!"

Evelio aliinama akalizima. Taa yangu ikang'aa vizuri, na niliichukia.