Siku niliyocheza gemu mbele ya jeneza la Sele

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu mliomo humu shikamooni.

Nimepita kwenye ule uzi wa vijana wanaobishana gemu lipi kali. Nikataka niweke maoni yangu mawili matatu niende zangu, nikashindwa.

Nitaeleza kama ilivyokuwa, majina tu ndiyo nimebadilisha. Atakayeona ni chai ya uongo, atafute kitafunwa.

Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje. Zama zile za ruksa, vitu vya nje vimeanza kumiminika: mitumba, redio kaseti, raba za kila rangi. Daraja la Rufiji bado halijajengwa. Jamaa mmoja akarudi kutoka Dar na televisheni, jenereta na mashine ya gemu, akafungua banda jirani na soko.

Aisee, tulihamia pale!

Nilikuwa na rafiki yangu, Sele. Tumekua mtaa mmoja, yeye Mngindo, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani.

Kwa wasiojua, utani wa kwetu si mzaha wa kijiweni. Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Watu wakilia yeye anafanya vituko, anamwigiza marehemu, anazuia jeneza lisitoke, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Haya, maoni yangu ya gemu, maana ndiyo mada iliyonileta.

Gemu la vifaru: mnalinda ngome yenu wawili, halafu anayeibomoa ni mwenzako. Sele aliibomoa yetu kuliko maadui wote.

Gemu la ngumi ni dhuluma tupu. Unajifunza mateke wiki nzima, anakuja mtu hajui hata kushika pedi ya kuchezea, anabonyeza vitufe vyote kwa mpigo, unalala wewe.

La mpira sisemi sana. Kipa wa gemu lile alikuwa na akili za kuku.

La magari ndilo lilikuwa la Sele. Kona ikija, anapinda mwili mzima, na benchi zima linapinda naye. Mdomoni anatoa mlio wa injini kuzidi ule wa televisheni. Mwisho wake anamwangukia aliyekaa kushoto kwake, na aliyekaa kushoto kila siku ni mimi.

Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa anakuja kututoa na mwiko mkononi. Akifika mlangoni anasimama kwanza, anamtazama mwanawe anavyopinda. Anacheka mpaka anaegemea nguzo ya banda, ndipo anakumbuka kugomba.

Masika moja Sele akashikwa na homa. Wakasema malaria imempanda kichwani. Hakumaliza wiki.



Msibani Bi Zuhura hakulia. Hakusema neno na mtu. Alikaa mkekani, wanawake wamemzunguka, macho makavu, hata maji ya kunywa anasukuma kikombe. Sele ndiye mtoto wake pekee.

Mama yangu alitoka ndani akaniita pembeni.

"Mwanangu, yule akimwacha mtoto aondoke kimya kimya vile, ataharibikiwa akili. Tumesema naye tumechoka. Mtani ni wewe."

"Mama, mimi siwezi."

"Kuna mtani mwingine hapa anayemjua Sele kama wewe? Nenda, baba."

Wakuu, siku ile mimi sikuwa na utani hata punje. Lakini jeneza likawa limeshainuliwa, linatoka.

Nikakaa chini katikati ya njia. Nikavua kandambili moja, nikaishika kwa mikono miwili kama pedi.

"Haondoki mtu hapa! Bado tuna raundi!"

Nikaanza mlio wa injini. Nikapinda kushoto, nikapinda kulia, macho nimeyatoa kama yeye.

Kulikuwa na mwalimu mgeni, ametokea bara, hata mwezi hana kwetu. Akanikamata shati. "Wewe kijana una wazimu? Huoni maiti?"

Mzee mmoja akamtoa mkono taratibu. "Mwache, mwalimu. Mtani huyo, yuko kazini."

Nikaongeza gia. Kona kali, nikapinda mpaka nikaanguka kulia, juu ya miguu ya yule mwalimu. Watu wakaguna, wengine wakaanza kucheka. Mimi machozi nayabana kwa meno, na injini yenyewe inakatika katika kama imeishiwa mafuta.

Ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Muongo! Mwanangu haangukii kulia! Mwanangu anaangukia kushoto!"

Bi Zuhura amesimama, kanga imemteleza begani, ananinyooshea kidole. Anacheka. Uwanja mzima ukacheka naye.

Halafu kicheko kikageuka. Alilia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena, anamwita Sele, Sele wangu, wanawake wamemdaka wanalia naye. Mama yangu akaniangalia, akatikisa kichwa kwamba basi.

Nikainuka, nikavaa kandambili, nikaingiza bega kwenye jeneza tukaenda kumzika.

Baada ya arobaini Bi Zuhura akanitumia mtu niende kwake. Nikamkuta uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia kaa.

"Siku ile uliniliza mimi," akasema. "Wewe ulilia lini?"

Nikamwambia sijalia. Mtani halii, mama.

Akaweka ungo chini.

"Utani umekwisha, mwanangu. Haya, lia."

Nililia wakuu, kama mtoto mdogo. Hakuniambia nyamaza, hakuniambia pole. Alikaa tu pale ameshika mkono wangu mpaka nilipomaliza mwenyewe, kisha akaniletea maji ya kunawa uso.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye kila msiba kuna anayebeba kazi ya kuchekesha wengine, na watu wakishanyanyua mikeka hakuna anayerudi kumuuliza hali yake. Rudini mkamuulize.

Gemu kali ni lipi, endeleeni kubishana, mimi kura yangu naipa la magari. Ila kama umo humu na uliwahi kuwa mtani kwenye msiba wa rafiki yako, andika hapo chini. Wewe ulilia lini?