Kifutio cha Karani wa Saa

Karani wa saa alimfutia mwanamke mmoja saa mbili za kila siku, na kwa saa hizo akamfanya mwongo mbele ya ndugu zake. Mwanamke huyo aliunganisha mashine za kushonea ngozi kiwandani. Karani aliunganisha namba, na mikono yake ilikuwa laini kama ya bibi harusi. Saa za wanaume aliziandika kwa wino, za wanawake kwa penseli, eti wanawake hawapendi makuu. Kila jioni alilamba kidole, akafunua daftari, akafuta, kisha akapuliza vumbi la kifutio taratibu, kama anayepoza chai ya mgeni. "Dada zangu," alisema kwa sauti ya asali, "kwenye viwanda vya nchi za wenzetu saa za kazi zinashuka kila mwaka. Na sisi tusiaibike." Kweli hawakuaibika: kwenye chati ya ofisini saa zilishuka, na wao wakabaki palepale wakikaza skrubu.

Siku mama wa mwanamke yule alipokata roho, yeye alikuwa bado kazini, na ilishafika saa kumi na mbili jioni. Kaka yake mkubwa alikwenda kiwandani kuuliza dada yake alitoka saa ngapi siku ile. Karani akamfungulia daftari kwa heshima zote. "Huyu alitoka saa kumi, mzee wangu. Maandishi hayadanganyi." Tangu hapo kaka hajibu salamu ya dada yake, humuuliza tu, "Saa mbili zile ulikuwa kwa nani?" Mwanamke hadai mshahara. Karani bado anadaiwa kwenda kwa miguu yake hadi kwa kaka, akaseme kwa mdomo wake: alikuwa kazini.