Pipa la Maji ya Chumvi

Mkuu wa mji aliwatangazia wananchi wote kwamba hali ni shwari. Kwamba majeshi yamejipanga kila kona kulinda raia na mali zao. Kwamba kila mtu abaki ndani. Na kwamba hakuna raia hata mmoja atakayelazimika kuyahama makazi yake. Tangazo lilisomwa redioni kwa Kifaransa, likasomwa kwa Kilingala, na mwishoni kabisa likasomwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale waliokuwa wakiishi hapo.

Paskazia Mayala wa Mkolani, Mwanza, alilisikia akiwa ndani ya stoo ya samaki katika mji mmoja wa bandari upande wa Zaire, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1996. Akaliamini. Tusimcheke. Alikulia katika nchi ambayo serikali ikitangaza asubuhi kwamba mnahamia kijiji kipya, jioni mnalala kijiji kipya. Hakuwahi kuishi mahali ambapo jambo linatangazwa kisha halitokei.

Alikuwa mfanyabiashara wa kayabo, samaki wakavu wa chumvi. Milango ya biashara ilipofunguliwa, viwanda vilijengwa kando ya ziwa letu kule Mwanza, na minofu ya sangara ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Sangara aliyekataliwa na Ulaya alipasuliwa, akapakwa chumvi, akaanikwa hadi akakakamaa kama ubao, akafungwa robota na kupelekwa Zaire, ambako hawakuwa na maringo. Paskazia alinunua mwaloni Kirumba, akapakia kwenye treni hadi Kigoma, kisha kwenye boti. Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama, na kila mkutano alisimama kuilaani gongo kwa ukali uliowashangaza hata mapadri. Sababu hakuisema. Mama yake alikuwa amemlea, na kumsomesha hadi darasa la saba, kwa kupika gongo.

Katika safari zake aliongozana na Otuoma, mzee wa Kijaluo kutoka Mara, fundi wa kufunga robota na wa kulalamika. Mle stoo walikuwa pamoja na Nabintu, mke wa mwenye stoo, na binti yake mchanga aitwaye Aksanti, ambaye kazi yake yote ilikuwa kunyonya. Mume wa Nabintu alikuwa ametoka kwenda kuulizia boti. Alisema anarudi sasa hivi.

Siku ya tangazo mizinga ilikuwa bado mbali, huko milimani, na majirani walikuwa wakijaza maji kila chombo. Stoo ilikuwa na pipa moja tu, nalo lilikuwa limejaa pomoni. Lakini Paskazia alikuwa ameona kitu kilichomtisha kuliko mizinga: kwa lile joto, kayabo ilikuwa imeanza kupiga wekundu, dalili ya kuoza. Mtu wa kayabo akiona wekundu hafikirii mara mbili. Anakoroga maji ya chumvi, mazito, anaosha samaki mmoja mmoja, anawapanga upya. Akafungua mfuko wa chumvi na kuumimina wote ndani ya pipa.

"Mama Elias," Otuoma aliuliza, "na sisi tutakunywa nini?"

"Bomba si lile pale, Baba Akumu?" Paskazia alimjibu. "Au hujasikia kwamba hali ni shwari?"

Waliosha samaki mpaka mchana. Walipomaliza, Otuoma alikwenda kunawa mikono. Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.

Kisha vita ikafika. Waasi walishika kilima cha juu, wanajeshi wa serikali wakashika kona ya barabara iendayo ziwani, na stoo ikawa katikati. Kutoka mlangoni hadi majini ni mwendo wa kumaliza sigara moja, lakini mtu wa kwanza waliyemwona akiujaribu, mwanamke mwenye ndoo, alilala barabarani na ndoo yake ikabingirika peke yake hadi mtaroni. Paskazia akafunga mlango wa chuma na kuuwekea robota. Ziwa zima lilikuwa pale, linasikika.

Chakula hakikuwa tatizo. Walikuwa na samaki wa kulisha tarafa. Ila kila aliyeonja kipande alijuta kabla hajameza, kwa sababu kayabo hulowekwa kwanza maji mengi, humwagwa, hulowekwa tena. Dumu dogo la maji ya kunywa walilokuwa nalo lilikwisha. Mvua ilinyesha mara moja. Walitandaza turubai uani, wakakinga, wakanywa, wakatema. Turubai lilikuwa limefunika kayabo miaka mitatu. Wingu likapita, halikurudi.

"Watu watasema tulikufa kiu ndani ya pipa la maji," Otuoma alisema.

"Nyamaza, Mjaluo wewe."

"Nimenyamaza. Nilikuwa najiuliza tu hali ni shwari kiasi gani."

Nabintu ndiye aliyewanyamazisha wote wawili. Alikuwa amekaa kwenye kona na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa ananyonya, anaachia, analia, anarudi.

"Mama Paskazia," alisema, "maziwa inakauka. Miye nasikia inakauka."

Paskazia alimtazama mtoto. Mdomo ulikuwa umeanza kupasuka pembeni. Akasimama, akachukua sufuria kubwa la kupikia wapakuzi wa mizigo, akalitia maji ya chumvi kutoka kwenye pipa. Katikati aliweka jiwe, juu ya jiwe bakuli. Akaufunika mdomo wa sufuria kwa karai lenye tumbo la mviringo, akaziba kandokando kwa kitambaa kilicholowa, na ndani ya karai akamwaga tena maji ya chumvi ili libaki baridi. Akavunja vichanja vya kupangia samaki, akawasha moto.

Otuoma, ambaye ujana wake haukupita bila kuona mambo, aliangalia kazi hiyo tangu mwanzo.

"Mama mtumishi," alisema hatimaye, "hili darasa mnalitoa siku gani kanisani?"

"Chochea moto."

"Nachochea. Mtaa gani huo walikokufundisha?"

"Baba Akumu, chochea moto!"

Mvuke ulipanda, ukagusa tumbo la karai, ukageuka matone, matone yakadondoka kwenye bakuli. Baada ya muda Paskazia akainua karai, akatoa bakuli, na mkono wake, kwa mazoea ya utotoni, ukayamwaga chini. Ya kwanza ya gongo humwagwa; ni makali, yanaharibu macho.

"Maji!" Otuoma alipiga kelele kama aliyechomwa. "Ni maji, mwanamke! Ni maji tu!"

Paskazia aliiangalia sakafu ikinywa. Akarudisha bakuli juu ya jiwe. La pili alimpa Nabintu, akamsimamia mpaka likaisha. Na lililofuata pia. Kazi iliendelea hivyo, bakuli hadi bakuli, huku vichanja vikiisha na wanaume wasiojulikana wakipigana nje, hadi mtoto akaanza kunyonya bila kuachia.

Moshi ndio uliowaponza. Mlango ulipigwa kwa kitako cha bunduki, robota zikasukumwa, wakaingia wanajeshi wawili wa serikali, macho mekundu, midomo mikavu. Otuoma, kwa hofu, alimwamkia mmoja wao shikamoo, ingawa angeweza kuwa mjukuu wake. Yule, ambaye kwao salamu hiyo haina kazi, alidhani anaombwa kitu.

"Sina," alijibu. Kisha akaona sufuria, na uso wote ukabadilika. "Ah! Munapika lotoko!"

Lotoko ni gongo ya kwao. Akainua karai, akanyakua bakuli, akalimeza lote kwa mkupuo mmoja, kama inavyonywewa. Akalamba midomo.

"Hii ni mayi."

"Ni maji, mwanangu," Paskazia alisema. "Yalikuwa ya huyu anayenyonyesha."

Walidhani sasa atapiga risasi, walau sufuria. Badala yake aliketi juu ya robota, akalaza bunduki mapajani, akasema, "Ongeza." Mwenzake naye akaketi. Wakawa wanasubiri, shingo zimeinama kuelekea motoni. Paskazia alikuwa ameiona mikao hiyo kila jioni ya utoto wake, uani kwao. Mtoto akaanza kulia tena, na bakuli lilipojaa mikono miwili ikanyooshwa kwa pamoja.

Hapo ikatoka sauti ambayo Paskazia alikuwa ameizika pamoja na mama yake.

"Hapa kwangu hatugombei! Atangulie mwenye mtoto. Wewe baada yake, wewe baada ya mwenzio. Hutaki, mlango ule pale."

Otuoma alifumba macho. Alipofumbua, Nabintu alikuwa anakunywa, na yule mwenye bunduki amerudisha mkono magotini kama mteja anayejua akifukuzwa hapa hana pengine pa kwenda.

Kila mmoja alipata zamu yake. Walipokwisha kunywa, yule mdogo aliuliza kama mzee ana suruali nyingine. Mzee alikuwa nazo mbili, na mashati pia. Wakavua magwanda, wakavaa, wakachukua samaki wawili wawili wa njiani.

"Barabara ya ziwani?" Paskazia aliuliza. "Pale kwenye kona kuna wangapi?"

"Pale?" Yule mkubwa alitazama suruali ya Otuoma, iliyomwishia kwenye ugoko. "Pale hakuna mutu. Ilikuwa sisi."

Wakatoka. Paskazia akamimina bakuli la mwisho kwenye chupa, akampa Nabintu, akamfunga mtoto mgongoni kwake mwenyewe ili mama yake aweze kukimbia. Kayabo yote waliiacha, imepangwa vizuri, haina wekundu hata kidogo. Kando ya maji walikuta boti ya mbao imejaa watu waliokuwa wakiita majina ya ndugu zao. Nabintu naye aliita jina la mumewe hadi boti ilipong'oa nanga. Aliendelea kuita.

Paskazia siku hizi anauza mchele sokoni Nyamagana. Kayabo hataki hata harufu yake. Kanisani bado ni kiongozi, lakini ajenda ya gongo ikifika hukumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Otuoma amerudi Mara, anakosimulia habari za suruali yake. Mume wa Nabintu ametafutwa kwa barua, kwa redio na kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Hadi leo hajapatikana. Nabintu anaishi chumba cha uani kwa Paskazia, na asubuhi anakaanga maandazi.

Aksanti ameanza chekechea pale Mkolani mwaka huu. Ukimuuliza kwao ni wapi, anakuonyesha chumba cha uani, na anakujibu kwa Kisukuma.