Kiuno cha Rubinem na Mkono wa Mama Yake

Kwetu Java, mvua zikishika, wanawake hupandikiza mpunga wakirudi kinyumenyume, wameinama asubuhi nzima, soga zikivuka majaruba. Rubinem alikuwa hodari wa kazi hiyo, mpaka kiuno kilipomshika. Hospitali wakamwonyesha picha ya mgongo: pingili moja imelika. Jirani yake Tukiyem akamkwangua mgongo kwa mafuta na sarafu ili kutoa maumivu, kama tufanyavyo sote, akatoa na hukumu.

"Shoga, mgongo huo ni mzega, mti wa kubebea mizigo begani, uliopata ufa. Ukiinama tu, vipande viwili."

Basi Rubinem hakuinama tena. Kitu kikianguka, alikitazama tu. Penye wazee alizunguka nyuma ya nyumba, maana kupita mbele yao umesimama wima ni utovu wa adabu. Siku ya Idi sisi hupiga magoti mbele ya mama, paji la uso mapajani pake, tukaomba msamaha. Yeye alisimama. Mama yake, ambaye haoni, akanyoosha mkono kutafuta kichwa, akapapasa saruni ya bintiye. Akaurudisha mkono mapajani.

Idi nyingine ikakaribia, na mama amedhoofu sana. Huenda ndiyo ya mwisho. Rubinem akaenda zahanati kwa Wening, binti aliyesomea saikolojia.

"Kwani mimi nina wazimu, mwanangu?"

"Hapana, mama. Una maumivu, tena ya kweli. Ila woga unayapalilia. Ukiinama, unaona kitatokea nini?"

"Mzega utakatika."

"Picha yako nimeiangalia na daktari. Wakulima wengi wa umri wako wana mgongo kama huu. Haukatiki. Lakini usiniamini mimi, jaribu."

Akaweka kijiko juu ya kiti. Rubinem akakitazama kama nyoka, jasho likimtoka. Akakiokota. Kiuno kikauma, hakikukatika. Wiki zilizofuata kijiko kikashuka kwenye kigoda, kisha mkekani, na kila mara Wening alimuuliza: umeogopa nini, na kimetokea nini? Woga haukumtoka, ila alianza kutembea nao.

Siku ya Idi, Rubinem akiwa mbele ya mama yake, Tukiyem alisimama mlangoni. "Shoga, usijiue."

"Dada, piga magoti basi, kuku wa nazi anapoa," mdogo wake Rubinem akasema nyuma yake.

Mikono ya Rubinem ilikuwa baridi kama maji ya jaruba. Goti moja. La pili. Paji lilipokuwa likishuka, alisubiri mlio wa ufa. Kiuno kiliwaka moto, mlio haukuja. Mkono wa mama ukatua kichwani, ukakaa.

"Rubinem?"

"Ndimi, mama. Unisamehe."

"Mwaka jana nilidhani una kinyongo nami."

"Sina, mama. Niliogopa."

"Si ungesema, mwanangu."

Sasa ilibaki kuinuka.

"Nikushike?" mdogo wake akauliza.

"Niache kwanza," alijibu. Akashika ukingo wa kiti cha mama, akaanza kuinuka.